TAHARIRI YA VIJANA: Haki ya kumrudisha mbunge nyumbani isibaki kwenye karatasi

Kama unasoma haya ukiwa pale Kebirigo, labda umeegesha boda ukingoja mteja, ama uko kwenye foleni na gunia lako la majani chai ukingoja karani apime, tupe dakika chache. Leo tunataka kuongea nawe kuhusu siasa za Uingereza. Tafadhali usifunge ukurasa bado.

Tunajua unachowaza. “Uingereza inanihusu nini, na hapa barabara ya kwetu ikinyesha hata punda hapiti?” Ni swali la haki kabisa. Jibu letu ni fupi: kanuni nyingi ambazo kwazo tunamchagua mbunge zilitoka kwao. Sasa wao wenyewe wamezigeukia na kuzihoji, na kuna haki moja ambayo Katiba yetu inakuahidi wewe, lakini wao ndio wanaoitumia. Haki hiyo ni ya kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano kuisha.

Tuanze na yanayobishaniwa huko, ndipo turudi nyumbani.

Julai 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kushusha umri wa kupiga kura katika uchaguzi mkuu kutoka miaka 18 hadi 16. Kwa Scotland hilo si geni. Katika kura ya maamuzi ya 18 Septemba 2014 kuhusu kujitenga na Uingereza, vijana wa miaka 16 na 17 walipiga kura, na baadaye sheria ikawaruhusu kuchagua bunge lao la Scotland. Wales wakafuata, na vijana wao wa umri huo wakapiga kura ya bunge la Wales Mei 2021. Wanaopinga wanasema mtoto wa miaka 16 atafuata tu anachoambiwa na mzazi ama anachokiona TikTok. Wanaounga mkono wanauliza: kijana wa umri huo anaruhusiwa kufanya kazi na kukatwa kodi, mbona asiwe na sauti kuhusu inavyotumika?

Mjadala wa pili ni wa nyumba yao ya juu ya bunge, House of Lords. Hadi juzi kulikuwa na watu waliokaa humo kwa sababu tu baba au babu yao alikuwa na cheo cha ukoo. Mwaka 1999 sheria iliondoa wengi wao na kubakiza 92. Mwaka 2024 serikali ikaleta mswada wa kuwaondoa hao waliosalia. Hebu fikiria mtu anatunga sheria za nchi kwa sababu ya jina la babu yake. Lakini kabla hatujacheka sana, tujiulize ni majina mangapi ya familia tunayaona kwenye karatasi za kura hapa kwetu, uchaguzi baada ya uchaguzi. Tofauti ni kwamba sisi huwa tunayachagua wenyewe.

Mjadala wa tatu ndio mzito zaidi, nao ni wa kuhesabu kura. Katika uchaguzi wa 4 Julai 2024, chama cha Labour kilipata karibu asilimia 34 ya kura zote, kikatwaa viti 411 kati ya 650. Chama cha Reform UK kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura, kura zaidi ya milioni nne, kikaambulia viti vitano. Liberal Democrats walipata kura chache kuliko Reform, karibu asilimia 12, lakini wakaondoka na viti 72.

Hakuna aliyeiba. Kanuni ndiyo ilifanya kazi hiyo. Katika kila eneo bunge, mwenye kura nyingi kuliko wenzake anashinda, hata kama wengi hawakumtaka. Chama ambacho kura zake zimetawanyika kila mahali kinapoteza, na kile ambacho kura zake zimekaa pamoja mahali fulani kinavuna.

Kama umezaliwa kwenye nyumba ya mkulima wa chai, hili unalielewa kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu cha London. Kwa miaka mingi wakulima wadogo wamebishana kuhusu uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda vyao: kila mkulima apige kura moja, ama kura zihesabiwe kwa hisa? Mama mwenye mashina mia tano na mzee mwenye shamba la kupotelea ndani wako kwenye daftari moja. Ukihesabu kwa vichwa anashinda huyu, ukihesabu kwa hisa anashinda yule. Wakulima ni walewale na majani ni yaleyale. Kwa hiyo anayeandika kanuni ya kuhesabu ameshafanya nusu ya kazi ya uchaguzi kabla hujaamka kwenda kituoni.

Na hiyo kanuni ya Uingereza ya mwenye nyingi ndiyo hiyohiyo tunayotumia kumchagua mbunge wa Mugirango Magharibi, wa Borabu, wa Kitutu Masaba na wa Mugirango Kaskazini. Wagombea kumi wakigawana kura, mmoja anaweza kuingia bungeni na robo tu ya kura zote, na robo tatu waliomkataa wakae miaka mitano wakimtazama. Rais ndiye tuliyemwekea masharti magumu zaidi: lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mbunge hana sharti kama hilo.

Hatukujikuta na kanuni hiyo kwa bahati. Katiba yetu ya uhuru ilijadiliwa London, katika mikutano ya Lancaster House ya 1960, 1962 na 1963. Ilikuja na majimbo na mabunge mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Baada ya 12 Desemba 1963, waliokabidhiwa hati hiyo hawakukawia kuichana. Majimbo yalipokonywa nguvu, na kufikia mwisho wa 1966 uamuzi wa kuunganisha mabunge hayo mawili kuwa moja ulikuwa umepitishwa. Mwaka 1982 Katiba ikabadilishwa ili nchi iwe na chama kimoja kwa sheria, na ilichukua hadi Desemba 1991 kifungu hicho kufutwa. Wazazi wako wanakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu wakipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na bado wa foleni fupi akatangazwa mshindi mahali pengine.

Ndiyo maana 27 Agosti 2010, siku ile Katiba mpya ilipozinduliwa, watu wazima walilia. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo. Wananchi walikuwa wameipitisha kwa takriban asilimia 67 katika kura ya maamuzi ya 4 Agosti. Ndani yake waliandika Kifungu cha 104. Kinasema wapigaji kura wana haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kuisha, na kwamba Bunge litatunga sheria ya kueleza sababu na utaratibu wa kufanya hivyo.

Soma tena hilo la mwisho: Bunge litatunga sheria. Yaani tulimpa fisi kazi ya kuandika masharti ya zizi.

Sasa tazama kilichotokea. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka utaratibu, lakini ilikuwa kama mlango uliopigiliwa misumari. Ilitaka kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kosa la mbunge. Ilitaka saini za asilimia 30 ya wapigaji kura walioandikishwa katika eneo bunge, na si chini ya asilimia 15 katika zaidi ya nusu ya wadi zake. Haikuruhusu jambo hilo lianzishwe katika miezi 24 ya kwanza baada ya uchaguzi wala katika miezi 12 ya mwisho. Mwaka 2017, katika kesi iliyowasilishwa na Katiba Institute na mwenzake, Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo kwa kuwa vilikwenda kinyume na Katiba.

Ungetarajia Bunge liketi haraka liandike upya. Upande wa madiwani, sheria ilirekebishwa. Upande wa wabunge wenyewe, kimya. Mwaka 2025, tume mpya ya uchaguzi IEBC ilipoanza kupokea maombi ya wananchi waliotaka kuwaondoa wawakilishi wao, ilieleza wazi: kwa diwani njia ipo, kwa mbunge na seneta sheria haijakamilika. Miaka kumi na tano baada ya Katiba, haki hiyo bado ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzuri lakini huwezi kuitumia.

Sasa rudi Uingereza. Wale jamaa hawana katiba ya kitabu kimoja kama yetu. Yao imetapakaa katika sheria mbalimbali, desturi na hukumu za mahakama. Lakini mwaka 2015 walipitisha sheria ya kumrudisha mbunge nyumbani, na inafanya kazi. Mbunge akihukumiwa kifungo, au akipatikana na hatia ya kudanganya kuhusu marupurupu, au akisimamishwa na bunge kwa siku kumi za vikao au zaidi, ombi linafunguliwa katika eneo lake. Wapigaji kura wanapewa wiki sita za kwenda kutia saini katika vituo vilivyotengwa. Saini zikifika asilimia 10 ya walioandikishwa, kiti kinakuwa wazi. Aliyeondolewa bado anaruhusiwa kugombea tena, akajitetee mbele ya watu.

Na imetumika. Mwaka 2018 huko North Antrim saini hazikufika asilimia 10, mbunge akabaki. Mwaka 2019 huko Peterborough, zaidi ya robo ya wapigaji kura walitia saini baada ya mbunge wao kufungwa kwa kudanganya kuhusu kosa la gari kuendeshwa kwa kasi. Aliondoka, na 6 Juni mwaka huo uchaguzi mdogo ukafanyika. Mwaka 2023 huko Rutherglen, karibu na Glasgow, mbunge aliyesafiri kwa treni akijua ana Korona aliondolewa na watu wake kwa njia hiyohiyo.

Hatusemi tuige kila kitu. Wazungu hao pia wana yao. Kwa sababu bunge lao ndilo lenye neno la mwisho, linaweza kubadilisha karibu jambo lolote kwa wingi wa kawaida wa kura. Mwaka 2011 walitunga sheria ya kuweka muhula wa miaka mitano, mwaka 2022 wakaifuta, na sasa waziri mkuu anachagua mwenyewe lini aite uchaguzi ndani ya miaka hiyo. Sisi tarehe yetu imeandikwa kwenye Katiba: Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Hakuna rais wa kuisogeza kwa sababu ameota vibaya. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, na unaweza kuiandika ukutani leo.

Tena sisi tuna ukuta ambao wao hawana. Mchakato wa BBI ulipotaka kubadilisha Katiba, Mahakama Kuu iliuzuia Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikaufunga 31 Machi 2022. Mojawapo ya sababu ni kwamba njia ya wananchi kukusanya saini milioni moja haikuwekwa ili rais aitumie. Uingereza mahakama zao haziwezi kufuta sheria iliyopitishwa na bunge kwa namna hiyo. Zinaweza kuizuia serikali, kama zilivyofanya 24 Septemba 2019, majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu waliposema kulifunga bunge kwa wiki tano wakati wa Brexit kulikuwa kinyume cha sheria. Lakini bunge likishaamua, limeamua.

Kwa hiyo tumeshika pande mbili za kitambaa kimoja. Wao wana utaratibu unaotembea bila kitabu kikubwa. Sisi tuna kitabu kizuri chenye kurasa ambazo wenye mamlaka wamezikalia.

Na hasara ya kukalia utaratibu hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Iko hapa Nyamira.

Januari 2023 muda wa makamishna wa mwisho wa IEBC uliisha au wakawa wameondoka. Nchi ilikaa bila makamishna hadi Julai 2025, miaka miwili na nusu. Katiba inasema kiti cha mbunge kikibaki wazi, uchaguzi mdogo ufanywe ndani ya siku 90. Lakini nani angeuendesha? Tume ilikuwa na ofisi na wafanyakazi, ila haikuwa na watu wa kutoa uamuzi. Katika kaunti yetu, wadi tatu zilizopoteza madiwani wake, yaani Nyamaiya, Nyansiongo na Ekerenyo, zilisubiri hadi 27 Novemba 2025 ndipo zikapiga kura.

Hebu jiweke katika viatu vya kijana wa Nyamaiya, jirani yako kabisa. Bajeti ya kaunti inasomwa, hakuna anayemsemea. Orodha ya basari inapangwa, wadi yake haina mtu mezani. Barabara inagawiwa fedha, kiti chake kiko tupu. Anaendelea kutozwa ushuru wa soko kila siku ya soko, hakuna aliyemwambia asilipe kwa kuwa hana mwakilishi.

Na haikuishia hapo. Novemba hiyohiyo, viti hivyo vitatu vikiwa bado wazi, madiwani wa Nyamira walipiga kura ya kumng'oa gavana. Hoja ilipofika Seneti Desemba, haikufika hata kwenye ushahidi. Swali lilikuwa la hesabu: theluthi mbili inahesabiwa kwa viti vyote vya bunge la kaunti, ama kwa madiwani waliopo? Maseneta walikubali pingamizi kwamba idadi inayotakiwa haikufikiwa, na mambo yakaisha. Hapa hatusemi gavana alikuwa na makosa au hakuwa nayo. Tunasema tu kwamba watu wa wadi tatu hawakuwa na mkono wa kuinua, si wa ndiyo wala wa la, katika uamuzi mkubwa kuliko wote ambao bunge la kaunti linaweza kufanya. Utaratibu ulipolala, haki yao ililala nao.

Tunajua kuna wanaopinga sheria ya kuwaondoa wabunge, na wana hoja. Wanasema aliyeshindwa uchaguzi ataanza kukusanya saini kesho yake asubuhi. Wanasema wenye pesa watanunua saini kwa mia mbili mia mbili, kama wanavyonunua kura. Wanasema eneo litakuwa kwenye kampeni miaka yote mitano, ukoo huu ukivutana na ule, na maendeleo yasimame. Sisi wa Gusii tunajua siasa za ukoo zinavyoweza kuchoma, kwa hiyo hatuchukulii hoja hiyo kwa mzaha.

Lakini dawa ya hofu hizo ni sheria nzuri. Kukosa sheria kabisa hakuziondoi. Tunapendekeza mambo manne, na tunataka uyajue ili umbane yeyote atakayekuja kukuomba kura.

Kwanza, sababu ziwe wazi na zithibitishwe na chombo kingine, kama mahakama kumtia mbunge hatiani, au kukosa vikao vya bunge kupita kiwango fulani bila ruhusa. Hivyo aliyeshindwa hawezi kuamka na kinyongo chake akaanzisha fujo.

Pili, saini zitiwe mbele ya maafisa wa IEBC katika kituo cha kila wadi, kwa kitambulisho, ndani ya muda uliowekwa. Mtu asipite nyumba kwa nyumba usiku na karatasi na noti.

Tatu, kiwango cha saini kiwe kinachofikika. Asilimia 30 ni mzigo. Katika wadi yenye wapigaji kura 10,000 hizo ni saini 3,000, na kwa eneo bunge lenye 70,000 ni saini 21,000. Waingereza kwa hao 70,000 wangehitaji 7,000. Si lazima tushuke hadi hapo, lakini tusiweke kiwango ambacho mbunge anajua hakitafikiwa hata akihamia Dubai.

Nne, mbunge aliyeondolewa aruhusiwe kugombea katika uchaguzi mdogo. Kama kweli watu bado wanampenda, watamrudisha, na waliomchongea wanyamaze.

Utasema, “Mbona nisumbuke? Si nitamtoa 2027 kwa debe?” Sawa, ukiwa kwenye daftari. Hapo ndipo tunataka kukuuliza wewe swali.

Juni 2024 vijana wa nchi hii, wakiwemo wa Kisii na Nyamira, walijitokeza kupinga Mswada wa Fedha. Wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga tarehe 25 mwezi huo, siku ileile waandamanaji walipoingia Bungeni na baadhi yao wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake rais akasema hatautia saini. Hiyo ilikuwa nguvu ya kweli, na ilinunuliwa kwa damu. Lakini tazama: waliopiga kura ya ndiyo siku ile waliendelea kuketi kwenye viti vyao. Hasira yetu ilizuia mswada, haikugusa hata kiti kimoja. Laiti Kifungu cha 104 kingekuwa na sheria yake, kungekuwa na njia ya kwenda kituoni na kitambulisho, bila vitoza machozi, bila mama kulia hospitalini.

Na kiti hakiguswi bila daftari. Katika uchaguzi wa 2022, kati ya wapigaji kura 22,120,458 walioandikishwa, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40, na IEBC ilisema idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017. Yaani wakati idadi ya vijana nchini inapanda, idadi yao kwenye daftari ilishuka. Wenzenu wa Scotland wanapiga kura wakiwa na miaka 16. Wewe una 23 na bado unasema utaenda wiki ijayo.

Kuna jambo jingine la kuchekesha kidogo. Dada yako au binamu yako aliyeenda Uingereza kuuguza wazee, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na anaishi huko kihalali, anaruhusiwa kujiandikisha na kumchagua mbunge wa Uingereza. Hiyo ni sheria yao. Kwa upande wa nyumbani, Mkenya aliye nje anaweza kumpigia kura rais peke yake, tena pale tu penye kituo. Kwa hiyo inawezekana kabisa msichana wa kutoka Kebirigo ana mbunge anayeweza kumwondoa huko Birmingham, na hana hata mmoja anayeweza kumwondoa huku Mugirango Magharibi. Wewe uliye hapa nyumbani pia huna.

Tunamalizia na yale ambayo ukurasa huu unataka, bila kuzunguka.

Kwa Bunge: andikeni sheria ya Kifungu cha 104 kabla ya kuja kutuomba kura 2027. Mliweza kupitisha miswada mizito kwa siku chache mlipotaka. Na wekeni utaratibu ambao tume ya uchaguzi haiwezi tena kubaki bila makamishna hata kwa mwezi mmoja. Waanze kutafutwa wapya kabla wa zamani hawajaondoka, na wanasiasa wasiruhusiwe kuishika shughuli hiyo mateka kwa mivutano yao.

Kwa wagombea watakaopanda kwenye magari yao pale soko la Kebirigo: tutawauliza swali moja. Je, utaunga mkono sheria inayoturuhusu kukuondoa? Anayesema ndiyo tutaiandika. Anayezunguka na kuanza kutuambia habari za basari, tutajua.

Na kwako wewe: kama una kitambulisho, nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ujiandikishe, halafu umpeleke na mwenzako mmoja. Kama hujapata kitambulisho, anza leo kwa chifu, kwa sababu foleni ya mwisho huwa ndefu na mwaka wa uchaguzi hauna huruma. Siku mtakapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, nenda hata kama hamtapewa soda. Na mbunge wako akija mazishini, usimwombe mia mbili. Muulize alipiga kura gani, na sheria ya 104 iko wapi.

Boda yako ina breki kwa sababu hakuna anayekuuzia pikipiki isiyosimama. Mbunge tulimpa mafuta na ufunguo mwaka 2010, na kwenye Katiba tukaandika kwamba atakuwa na breki. Bado tunasubiri zifungwe.